Kitani cha porini: namna ya kukijua, na ardhi yake iliyobaki kidogo



Siku moja, baada ya maombi ya siku ya tatu, mama mmoja wa kanisa letu alinifuata mlangoni na simu mkononi. Kijana wake yuko Marekani, katika jimbo la Iowa, mahali ambapo familia nyingi za Wakongo wamejenga maisha mapya. Anafanya kazi ya kukata majani kwa mashine. Katika mwezi wa saba walimtuma kwenye makaburi ya zamani yaliyo juu ya kilima. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amepanda vijiti kuzunguka pembe moja na kusema pembe ile isikatwe mpaka mwezi wa kumi. Kijana hakuelewa vizuri. Aliona majani machafu yamezidi kati ya makaburi, akahurumia wafu wa watu, akapitisha mashine mara mbili. Siku ile alikaripiwa mbele ya wenzake.

Jioni aliandikia mama yake: "Wamenipatisha haya kwa sababu ya magugu." Akatuma na picha ya kimea kimoja chembamba chenye ua dogo la njano. Akaandika kwamba wale watu wanakiita kitani.

Mama huyo aliniuliza: "Mtumishi, kitani si kile cha nguo za makuhani? Tangu lini kitani ni magugu ya makaburini?"

Swali lake ni zuri, na ndilo tunalojibu katika karatasi hii. Wengi wetu tumesoma neno kitani mara nyingi bila kuona mmea wenyewe. Na wengi tuna watoto na ndugu wanaoishi kule ambako kitani cha porini kinaota. Ni vizuri wakijue, kwa sababu mtu anaweza kumaliza kitu cha thamani kwa mikono yake bila kukusudia ubaya wowote.

Kitani tunachokisoma

Tuanze na kile tunachokifahamu. Katika Kutoka, mvua ya mawe ilipopiga Misri, kitani kiliharibiwa kwa sababu kilikuwa kimefika wakati wa maua. Katika Yoshua, Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya dari, chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyapanga. Katika Mithali, mwanamke mwema anatafuta sufu na kitani na kufanya kazi kwa mikono yake. Wale waliosoma Kifaransa wanakijua kwa jina la "lin".

Kitani hicho cha shamba kina jina la Kilatini, Linum usitatissimum. Neno la pili maana yake ni "chenye kufaa sana". Ni mmea wa mwaka mmoja: unapandwa, unatoa maua ya buluu, unazaa mbegu, kisha unakufa. Nyuzi zake ziko katika ganda la bua. Mabua yanang'olewa, yanalowekwa majini mpaka sehemu laini ioze, karibu kama mama zetu wanavyoloweka muhogo. Kisha yanaanikwa, yanapigwa, na nyuzi zinachanwa na kusokotwa. Mbegu zake zinatoa mafuta. Marekani pia inakilima, hasa katika jimbo la North Dakota, na kule kinalimwa zaidi kwa ajili ya mbegu.

Lakini kitani cha shamba kina ndugu wengi wa porini. Kimoja kati yao ndicho tunachotaka kukijua leo.

Ndugu wa porini

Jina lake la Kilatini ni Linum sulcatum. Neno sulcatum maana yake ni "chenye mifereji", kama mifereji inayochorwa na jembe. Kwa hiyo katika karatasi hii tutakiita kitani cha mifereji. Ni mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Hakikuletwa na meli yoyote. Kinapatikana kuanzia Manitoba na Ontario, huko Kanada, mpaka Texas upande wa kusini, lakini nyumbani kwake hasa ni mbuga za majani za katikati ya Marekani: Iowa, Illinois, Minnesota, Missouri, Kansas na majirani zao. Ukielekea mashariki, kinaanza kuwa adimu.

Kama kile cha shamba, nacho ni mmea wa mwaka mmoja. Neno hilo "mwaka mmoja" tulishike vizuri, kwa sababu ndilo litakaloeleza mambo yote ya yule kijana na mashine yake. Mmea wa miaka mingi ukikatwa, mzizi wake unabaki hai chini na kuchipuka tena. Mmea wa mwaka mmoja hauna akiba hiyo. Baada ya kufa, kilichobaki cha ukoo wake ni mbegu tu.

Kitani cha mifereji hakitumiki kwa nguo. Ni chembamba mno, kinaota kimoja hapa na kingine pale, na hakuna atakayejaza hata kapu moja. Ndiyo sababu watu wengi wanakipita bila kukiona.

Alama saba za kukijua

Picha ile ya simu haikutosha. Ilionyesha ua la njano tu, na maua madogo ya njano yenye petali tano ni mengi katika dunia hii. Nilimwambia mama amwandikie kijana arudi mahali pale akatazame alama saba, moja baada ya nyingine. Hizi hapa.

Alama ya kwanza ni umbo la mmea mzima. Kitani cha mifereji kina bua moja jembamba lililosimama wima, lenye urefu wa sentimita 20 mpaka 80. Mingi inafika magotini hivi. Matawi yanaanza upande wa juu. Tazama chini, pale bua linapoingia udongoni: hakuna kisiki cha mwaka uliopita, hakuna mabua makavu ya zamani, wala kundi la machipukizi. Ni bua moja la mwaka huu.

Alama ya pili ni mifereji yenyewe. Shika bua katika sehemu yake ya juu na matawi yake, lizungushe taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Utasikia kwamba si la mviringo laini. Lina matuta membamba yanayoshuka kwa urefu, na mifereji katikati yake, kama shamba la viazi vitamu ukilitazama kutoka mlimani.

Alama ya tatu ni majani. Ni membamba kama sindano nene, urefu wake ni sentimita 1 mpaka 2 na nusu, na hayana meno pembeni. Yanakaa moja moja kwa zamu, moja upande huu, lingine juu yake upande mwingine, ingawa yale ya chini kabisa yanaweza kukaa mawili mawili. Yanaelekea juu, karibu na bua. Mengi ya chini huanguka mapema, kwa hiyo wakati wa maua mmea unaonekana kama kijiti kitupu chenye maua kichwani.

Alama ya nne ni ndogo sana lakini inasaidia sana. Pale jani linaposhikana na bua kuna nukta mbili za rangi nyeusi au kahawia, moja kila upande. Hizo ni tezi. Mtu mwenye macho mazuri anaziona bila kioo. Mwingine apige picha ya karibu, kisha aikuze kwenye simu.

Alama ya tano ni ua. Lina petali tano za njano, na upana wake ni kama sentimita 1 au 1 na nusu. Ndani kuna viuzi vitano vya kiume vyenye unga. Katikati kuna viuzi vitano vya kike: chini vimeungana, juu vimeachana. Ua hili linafunguka asubuhi, na siku ileile petali zinaanguka. Anayefika mchana anaweza kusema hakuna kitu, na asubuhi palikuwa na maua ishirini. Kwa hiyo nenda kabla ya jua kuwa kali. Msimu wa maua ni mwezi wa sita mpaka wa tisa.

Alama ya sita iko chini ya ua. Kila ua linashikwa na vijani vitano vidogo vyenye ncha. Pembeni mwa vijani hivyo kuna meno membamba, na kila jino lina kichwa kidogo cha tezi, kama tone juu ya ncha ya pini. Petali zikianguka, vijani hivi vinabaki vikikumbatia tunda. Hata ukichelewa, alama hii bado ipo.

Alama ya saba ni tunda lenyewe. Ni kikavu, kidogo, milimita 3 hivi, karibu kama punje ya mtama. Likikomaa linapasuka lenyewe katika vipande 10, na kila kipande kina mbegu moja. Hesabu vipande. Hesabu hii inamaliza mabishano mengi.

Mimea inayofanana nacho

Kule Marekani kuna mimea mingine inayoweza kumdanganya mtu. Tutaje ile ya karibu.

Kuna mmea mdogo wa chachu, wenye majani matatu matatu yenye umbo la moyo. Nao una ua la njano la petali tano. Watoto wengi wanautafuna na kukunja uso. Ukiona majani matatu pamoja, acha hapo, si kitani.

Kuna mimea ya jamii ya Hypericum. Maua yake ni ya njano na yana petali tano pia, lakini katikati mara nyingi kuna viuzi vingi vya kiume, vingi kuliko vitano. Na majani yake yanakaa mawili mawili yakielekeana, tangu chini mpaka juu.

Kuna vitani vingine vya njano ambavyo ni vya miaka mingi, kama Linum medium. Hapa ndipo watu wanakosea zaidi. Kitani hicho hakina zile nukta mbili chini ya majani, na viuzi vyake vya kike havikuungana hata chini. Pia mara nyingi kinatoa mabua zaidi ya moja kutoka shina moja.

Upande wa magharibi, mahali pakavu zaidi, kuna Linum rigidum. Nacho ni cha njano na kinafanana sana na chetu. Lakini viuzi vyake vya kike vimeungana karibu mpaka juu kabisa, na tunda lake linapasuka katika vipande 5, si 10. Ndiyo maana tulisema: hesabu.

Na ukiona ua la buluu, usifikiri ni kitani chetu kilichobadilika rangi. Kama kiko kando ya barabara au shamba, huenda ni kitani cha shamba kilichotoroka. Kama uko magharibi, huenda ni Linum lewisii, kitani cha porini cha miaka mingi. Hicho kilipewa jina la Meriwether Lewis, mmoja wa viongozi wa safari iliyovuka nchi ile mpaka bahari ya magharibi katika miaka ya 1804 mpaka 1806.

Mahali kinapoishi

Sasa tuje kwenye ardhi. Wafaransa waliotangulia kufika katikati ya Amerika ya Kaskazini waliona uwanda wa majani usio na mwisho, wakauita kwa neno la kwao, "prairie". Jina hilo limebaki mpaka leo. Sisi tutasema mbuga ya majani.

Mbuga ile haikuwa ya aina moja. Upande wa mashariki, kwenye mvua nyingi na udongo mweusi, majani yalikuwa marefu, mengine kuliko mtu aliyesimama. Upande wa magharibi, karibu na milima mikubwa, mvua ni chache na majani ni mafupi. Sehemu kubwa ya mmea wa mbuga iko chini ya ardhi. Majani makubwa ya kule yanashusha mizizi meta 2 na zaidi. Kwa hiyo moto ukipita juu, au baridi kali ikija, uhai unabaki umejificha udongoni.

Kitani cha mifereji hakipendi kukaa katikati ya yale majani marefu. Mtoto wake ni mdogo, anatoka kwenye mbegu ndogo, na akifunikwa na kivuli anakufa. Kinapenda mahali ambapo wengine wanashindwa: kwenye mchanga, kwenye kokoto, kwenye mawe ya chokaa yenye udongo mwembamba, kwenye miteremko inayopigwa na jua la mchana. Hapo majani ni mafupi, yameachana, na kati yao kuna nafasi ya udongo mtupu ambako mbegu inaweza kupata mwanga. Jirani yake wa kawaida ni jani moja la mafungu, lenye urefu wa magoti au zaidi kidogo, ambalo baada ya kiangazi cha kule linageuka rangi ya shaba. Ukiona kilima chote kimekuwa chekundu-kahawia mwezi wa kumi, ujue huenda ni nyumbani kwa kitani.

Katika Iowa mahali pa namna hiyo panajulikana vizuri. Kando ya mto Missouri, mwisho wa jimbo upande wa magharibi, kuna mstari mrefu wa vilima vinavyoitwa Loess Hills. Vilima hivyo vilijengwa na upepo. Zamani za barafu, mto uliacha matope, matope yakakauka, upepo ukabeba vumbi lake na kulirundika juu ya vumbi mpaka vikawa vilima. Miteremko inayotazama kusini na magharibi inakauka haraka, na miti inapata shida kuota pale. Mbuga imedumu juu ya migongo hiyo.

Kwa nini imebaki kidogo

Mpaka karibu miaka 200 iliyopita, sehemu kubwa ya Iowa na Illinois ilikuwa mbuga. Wenyeji wa nchi ile, kama Waioway ambao jimbo limeitwa kwa jina lao, walichoma majani kwa nyakati zao, na moto huo ulizuia miti isifunike mbuga. Sisi tuliokulia karibu na vilima vya majani tunafahamu jambo hili: mahali pasipopita moto wala mnyama wa kula majani, vichaka vinaingia.

Walowezi walipofika na majembe yao ya chuma cha kalibu na mbao, udongo mweusi uliwashinda. Uling'ang'ania jembe, na kila hatua chache mtu alisimama kuukwangua. Mwaka wa 1837, katika kijiji cha Grand Detour, jimbo la Illinois, mhunzi mmoja aitwaye John Deere alitengeneza jembe lenye uso laini wa chuma cha pua. Udongo uliteleza juu yake, na jembe likajisafisha lenyewe. Baada ya hapo, majembe ya namna hiyo yaliifungua nchi, na katika muda unaolingana na maisha ya mtu mmoja karibu mbuga yote ikawa shamba.

Hatusemi hivyo ili kulaumu wakulima. Iowa leo ndiyo jimbo la kwanza la Marekani kwa mahindi, na chakula ni baraka. Lakini tujue pia hesabu yake. Katika Iowa na katika Illinois, mbuga ya asili iliyobaki haifiki hata sehemu 1 katika sehemu 1000 za ile iliyokuwapo. Illinois bado inaitwa na wenyeji wake "jimbo la mbuga", na mtoto anaweza kukulia pale bila kuona mbuga hata siku moja.

Hicho kidogo kilichobaki kiko wapi? Kiko mahali ambapo jembe halikuweza kupita au halikuruhusiwa kupita. Kwenye miteremko mikali. Kwenye mchanga usio na faida. Kwenye ukanda mwembamba kati ya reli na shamba. Na kwenye makaburi.

Tusimame kidogo hapo. Wale wazee wa kwanza waliwazika watoto na mama zao juu ya ardhi ya mbuga kabla haijalimwa, kisha wakazungushia uzio. Nje ya uzio kila kitu kikageuka mahindi. Ndani, kwa heshima ya wafu, jembe halikuingia. Huko Illinois, makaburi ya Weston katika wilaya ya McLean yana kama hektari 2 tu, yamezungukwa na mashamba pande zote, na leo yanalindwa kwa ajili ya mimea yake ya mbuga. Watu wale hawakufikiria maua. Walitaka tu kuwatunza wapendwa wao, na pamoja nao wakatunza kitu kingine bila kujua.

Wako pia waliolinda kwa kujua. Mama Ada Hayden, mtaalamu wa mimea wa Iowa aliyefariki mwaka wa 1950, alitembea jimbo lile akitafuta vipande vya mbuga vilivyobaki na kuviandika, ili vinunuliwe kabla havijalimwa. Kipande kimoja cha hektari 97 hivi, kilichonunuliwa mwaka wa 1945, leo kinaitwa kwa jina lake.

Kwa nini mwezi wa kumi

Sasa tunaweza kumweleza kijana wetu kwa nini alikaripiwa.

Kumbuka: kitani cha mifereji ni mmea wa mwaka mmoja. Kinachipuka majira ya joto yanapoanza. Mwezi wa sita au wa saba kinaanza maua. Kila ua ni la siku moja tu, lakini maua yanafuatana kwa wiki nyingi, na matunda yanakomaa moja baada ya lingine. Mwezi wa tisa vipande kumi vinaachana na mbegu zinaanguka chini. Kabla ya baridi mmea wenyewe umekufa, na kazi yake imekwisha.

Mashine ikipita mwezi wa saba, inakata mmea ukiwa na maua na matunda mabichi. Mzizi hauna akiba ya kuanza upya kama majani ya miaka mingi. Yale majani ya jirani yatachipuka tena ndani ya wiki chache, na mtu atasema hakuna kilichoharibika. Lakini kitani hakitarudi mwaka ule. Kama mbegu za miaka iliyopita bado zimelala udongoni, kuna tumaini. Kama mashine inapita kila mwaka wakati uleule, siku moja akiba ya udongo inakwisha, na hakuna kilima kingine cha karibu cha kuleta mbegu, kwa sababu pande zote ni mahindi.

Mashine ikipita mwezi wa kumi, mambo ni tofauti kabisa. Mbegu zimekwisha kuanguka. Kukata wakati huo kunaondoa majani makavu, kunazuia vichaka, na kunafungua udongo kwa mwanga wa mwaka unaofuata. Moto unaowashwa na wataalamu kwa wakati wake unafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mkubwa wa kazi hakukataza kukata. Alisema tu: ngoja wakati wake. Shida ni kwamba sababu haikuelezwa, na mtu asiyeelezwa sababu anaona vijiti tu na majani machafu.

Kama una mtu wako kule

Umwandikie haya. Asiing'oe ili kuionyesha, hasa katika eneo linalolindwa, kwa maana kila mmea uliong'olewa ni mbegu za mwaka ujao zimepotea. Picha zinatosha, lakini ziwe tano: mmea mzima tangu chini, bua la juu kwa karibu, mahali jani linaposhikana na bua, ua la asubuhi likitazamwa kutoka juu, na tunda na vijani vyake vya meno. Aandike tarehe na mahali, na aseme udongo ni wa namna gani. Kisha amwonyeshe mwenye ardhi au watu wa jimbo wanaotunza mazingira. Kitani kile mara nyingi hakiko peke yake. Mahali kinapoota, mara nyingi ni ardhi ambayo jembe halijaigusa, na mimea mingine adimu iko karibu.

Jibu la kijana

Kijana alirudi juu ya kilima siku ya mapumziko, asubuhi, saa mbili. Alitutumia picha zake tano. Bua lina matuta. Nukta mbili ziko chini ya jani. Viuzi vya kike vimeungana chini tu. Tunda moja lililotangulia kukomaa alilifungua juu ya kiganja, akahesabu vipande kumi, akavirudisha udongoni palepale. Ndicho chenyewe.

Ile njia mbili aliyopitisha mashine bado inaonekana. Majani mengine yameota tena, mabichi, lakini kitani hakimo. Amemwomba mkubwa wake ruhusa ya kuitunza pembe ile yeye mwenyewe, na amekubaliwa. Mwezi wa kumi atapitisha mashine, na mwaka ujao mwezi wa saba atapanda tena kilima asubuhi, atazame zile njia mbili kama kuna ua la njano.

Mama yake sasa ananiuliza kila siku ya tatu mwezi wa saba uko lini. Tutawajulisha.